Dawa iliyobaki stoo

Tatizo linaanzia kwenye jina. Ukiingia agroveti ya Njoro au Molo huombi sumu, unaomba dawa: dawa ya viwavi, dawa ya ukungu wa viazi. Na dawa hatukuzoea kuitupa. Ikibaki, inawekwa.

"Haijafunguliwa, haiwezi kuharibika." Inaharibika hata kifuniko kisipoguswa. Lebo isipotaja muda mwingine, hesabu ya kawaida ni miaka 2 tangu kutengenezwa, tena kama imekaa mahali pakavu pasipo joto. Stoo ya mabati saa nane mchana si mahali hapo. Wengi hudhani iliyozeeka imepoa tu, kwa hiyo wanaongeza kipimo. Hapo ndipo hatari ilipo. Malathioni, dawa ya kuua wadudu, ikipigwa na joto kwa muda huzaa isomalathioni, na hiyo humdhuru mtu kuliko malathioni yenyewe. Mwaka 1976 huko Pakistan, wapiga dawa wa mpango wa malaria wapatao 2,800 waliugua na 5 wakafa. Malathioni waliyopewa ilikutwa na uchafu wa aina hiyo. Waliotumwa kuua mbu ndio waliolala.

"Chukua ya lita, ni nafuu." Kwa bei ya kaunta, sawa. Lakini mwenye nusu ekari atamaliza lita hiyo lini? Viwavijeshi walipoingia Kenya mwaka 2017, wakianza kuonekana kwenye mahindi ya magharibi, tulinunua kwa hofu, na mimi nikiwemo. Nilipiga mara mbili, mvua ikanyesha, chupa mbili zikabaki. Serikali nazo hukosea vivyo hivyo, ila wao hukosea kwa shehena: nzige wanatangazwa, msaada unafika wakati nzige wameshaondoka, au bidhaa inapigwa marufuku ikiwa bado ghalani. Ndivyo Afrika ilivyofikia makadirio ya tani 50,000 za dawa zilizopitwa na wakati, na mwaka 2005 ukaanzishwa mpango maalumu wa kuziondoa. Kuiteketeza tani moja ipasavyo hugharimu maelfu ya dola. Nafuu ya kaunta iliishia hapo.

"Basi nichome, au nizike." Matanuri ya kuteketezea sumu hizi huzidi nyuzi 1,100 za selsiasi. Moto wa takataka nyuma ya nyumba haufikii joto hilo, na dawa zenye klorini zikiungua kwa moto hafifu hutoa dioksini, sumu kali ambazo utazivuta wewe na jirani yako. Ukizika, mvua inaosha. Mto Njoro unaingia Ziwa Nakuru, na ziwa hilo halina mto unaotoka. Kinachoingia humo hakina njia ya kwenda kwingine.

Chupa tupu je? Si tupu. Suuza papo hapo kabla mabaki hayajakauka: maji robo ya chupa, tikisa nusu dakika, mimina ndani ya pampu ukapige shambani. Rudia hadi mara 3, kisha itoboe. Ukishaitoboa hakuna atakayeitilia maziwa wala mafuta ya taa. Kuosha kwa sabuni ili itumike nyumbani hakusaidii, maana plastiki yenyewe hunywa dawa.

Kuhusu maziwa: kunywa glasi kabla ya kupiga dawa hakukingi chochote. Nyingi hupitia ngozi, hasa ya mikono unapopima ile nzito, na maziwa hayafiki huko. Glavu hufika. Mtu akizidiwa, mkimbize hospitali pamoja na lebo, daktari ajue anapambana na nini.

Zile chupa zangu mbili nilimwonyesha afisa wa kilimo. Hakunipa jibu la haraka. Aliniambia nizikague kama zinavuja, nisizihamishie kwenye chupa nyingine, nisibandue lebo, nizifungie mbali na chakula hadi patangazwe mahali pa kuzipeleka. Ziko kwenye ndoo yenye kifuniko, kufuli juu. Msimu huu nimenunua ya mililita 100, na imeisha.