Jürgen si Yohana, na maana yake si "Mjerumani"

Tangu kocha Mjerumani Jürgen Klopp aishike Liverpool mwaka 2015, jina lake limejadiliwa kwenye vibanda umiza mpaka limechakaa. Wapo wanaosema ni John wa Kijerumani. Wapo wanaoapa kwamba ni "German" lililopindishwa kidogo, kwa hiyo mtu akiitwa Jürgen ameitwa Mjerumani. Klopp mwenyewe aliondoka 2024. Maelezo haya yamebaki.

Jürgen ni jina la kiume, na ni Joji. Basi.

Asili yake ni Kigiriki, georgos, yaani mkulima: ge ni ardhi, ergon ni kazi. Msomaji wa Biblia ameshakutana nalo bila kujua, maana pale Yesu anaposema "Baba yangu ndiye mkulima", neno la Kigiriki ni hilohilo georgos. (Ndiyo, ni Yohana 15:1. Undugu wa majina haya mawili unaishia hapo.) Kilicholieneza jina lenyewe si kilimo bali heshima ya Mtakatifu Georgi, askari mfia dini, na kila taifa likalichonga kwa ulimi wake: Jorge kwa Wahispania, Jerzy kwa Wapolandi, Jiří kwa Wacheki, Yuri kwa Warusi. Jürgen lilichongwa kaskazini mwa Ujerumani, kwenye lahaja za nyanda za chini kuelekea baharini. Jürgen Wullenwever, meya wa Lübeck aliyeuawa mwaka 1537, alikuwa mtu wa huko.

Yohana ana watoto wake wengine kabisa: Johann, Hans, Jan. Ndiyo maana Wajerumani wengi wameitwa Hans-Jürgen. Kama Jürgen ingekuwa Yohana, wazazi wote hao wangekuwa wamemwita mtoto Yohana Yohana.

Karne ya 20 jina likashuka kusini na kuenea nchi nzima. Jürgen Klinsmann, mshambuliaji wa zamani wa Ujerumani, alizaliwa Göppingen 1964, Klopp alizaliwa Stuttgart 1967, na huko kusini ni mbali na Lübeck. Katikati ya karne hiyo lilikuwa miongoni mwa majina yaliyopendwa sana. Siku hizi watoto wachache mno hupewa. Ukimsikia Jürgen anaitwa sokoni Ujerumani, tazamia kuona mtu mzima, pengine babu wa mtu.

Matamshi nayo yanaumiza masikio. J ya Kijerumani ni y yetu, na g ni ile ya "gari". Hiyo ü haimo katika Kiswahili: ulimi useme i huku midomo imeviringwa kama ya u. Zile nukta mbili si pambo, na kibodi isipokuwa nazo, Wajerumani huandika Juergen. Ukishindwa na ü, "Yurgen" inatosha na mwenyewe ataitika. Tungeacha tu ile j ya jogoo.