Rann haina matuta ya mchanga

Juzi nimeulizwa tena, mwishoni mwa kipindi: watu wa Dholavira, mji wa kale wa ustaarabu wa Bonde la Indus huko India, waliwezaje kujenga mji wao katikati ya jangwa la mchanga? Mchanga gani, jamani?

Rann Kuu ya Kachchh, uwanda unaouzunguka mji huo kaskazini mwa jimbo la Gujarat, ni tope na chumvi. Zamani ilikuwa mkono wa bahari, ukajazwa taratibu na udongo wa mito. Mpaka leo, mvua za kusi zikishuka kuanzia Juni, uwanda hujaa maji. Yakikauka hubaki gaga jeupe la chumvi. Heroe huzaliana humo kwa maelfu, na heroe hujenga kiota chake kwa tope penye maji ya kina kifupi. Neno jangwa silikatai, mradi useme jangwa la chumvi. Kinachoniudhi ni ramani za shuleni zinazoipaka Rann rangi ileile ya Thar, jangwa la mchanga lililo jirani, mwanafunzi akakua akiwaza matuta na misafara ya ngamia. Ngamia wa Kharai, wa pwani ya Kachchh, huogelea kwenda kula mikoko!

Dholavira iko juu ya Khadir Bet, na bet maana yake kisiwa. Watu waliishi hapo tangu karibu mwaka 3000 KK hadi 1500 KK. Shida yao kubwa haikuwa ukame peke yake: walizungukwa na maji yasiyonyweka. Ndiyo maana waliziba kwa mabwawa makorongo mawili ya msimu, Mansar na Manhar, wakayaongoza mafuriko kwenye mabirika makubwa kuzunguka mji, mengine yamechongwa ndani ya mwamba. Ukishawaza mchanga, huwezi kuelewa kazi ile. Walikuwa wanayawahi maji matamu kabla hayajaingia kwenye chumvi.

Je, vyombo vya baharini vilifika mpaka pale? Vitabu vingi husema ndiyo, bila kusita. Mimi nasita. Ardhi ile haitulii: tetemeko la 1819 liliinua tuta zima, Allah Bund, kwa siku moja. Kuutazama uwanda wa leo na kukadiria kina cha maji ya miaka 4,500 iliyopita ni kubahatisha. Hata Lothal, mji mwingine wa ustaarabu uleule, kule karibu na Ghuba ya Khambhat, ubishi haujaisha. Birika lake la matofali ya kuchoma, lenye urefu wa zaidi ya mita 200, mwanaakiolojia S. R. Rao alilitangaza kuwa gati. Wengine wanasema ni la kuhifadhi maji tu. Naegemea gati, kwa sababu maji ya ghuba ile hupanda na kushuka zaidi ya mita 10 wakati wa bamvua, na chombo kilichoachwa wazi huvunjika. Lakini muhuri wa Ghuba ya Uajemi uliopatikana Lothal hauthibitishi lolote kuhusu birika.

Ya baadaye nayapitia haraka. Kwenye mwamba wa Girnar, hukohuko Gujarat, penye amri za mfalme Ashoka, mtawala Rudradaman aliandikisha mnamo mwaka 150 BK jinsi dhoruba ilivyobomoa bwawa la Sudarshana, lililojengwa enzi za mfalme Chandragupta Maurya, babu yake Ashoka, naye akalijenga upya. Karibu miaka 300 baadaye, zama za mfalme Skandagupta, likabomoka tena, likakarabatiwa tena, na habari hiyo nayo ikachongwa kwenye mwamba uleule.