Stresi ya mfupa si stresi ya mawazo

Binti wa kaka yangu ana miaka 15 na anakimbia mita 1500. Juzi alirudi kutoka hospitali na karatasi yenye maneno mawili ya Kiingereza: "stress fracture", muundi wa mguu wa kulia. Kaka akaipiga picha na kuirusha kwenye grupu la familia. Haikupita nusu saa, mtoto alikuwa ameshachunguzwa nafsi yake yote. Nani anamwonea shuleni? Kuna mvulana? Au ni mitihani? Dada yetu mkubwa akafunga mjadala: "Stresi mpaka mfupa umevunjika! Watoto wa siku hizi wana mawazo kuliko sisi wazee." Maombi yakaanza kupangwa.

Ingekuwa mara ya kwanza ningenyamaza. Lakini nimeshamsikia mtangazaji wa redio akisema mchezaji fulani yuko nje kwa "mvunjiko wa msongo wa mawazo", tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Nimemsikia na mwalimu wa michezo akimwambia kijana anayechechemea ajitulize kichwa, mguu utapona wenyewe. Sasa naona niandike.

Maana ya "stress fracture" yenyewe ni fupi. Ni ufa mdogo kwenye mfupa, unaoletwa na nguvu inayojirudia maelfu ya mara, ambayo kila moja peke yake isingeuvunja mfupa huo. Fikiria spoki ya baiskeli. Inakatika siku moja barabara ikiwa tambarare, hakuna shimo, hakuna mzigo. Fundi hakuulizi jana uligonga nini, maana anajua spoki imechoka kwa mizunguko ya miezi. Tofauti ni kwamba mfupa, ukipewa muda, hujikarabati. Kuna seli zinazobomoa sehemu iliyochakaa na seli nyingine zinazojenga upya. Wabomoaji humaliza kazi yao kwa wiki chache, wajenzi huchukua miezi. Ukiongeza mazoezi ghafla, unakimbilia juu ya nyumba iliyobomolewa na haijajengwa. Ndiyo maana maumivu mara nyingi huanza wiki kadhaa baada ya mazoezi kuongezwa, wala si siku ile ile.

Sasa tuje kwenye neno, maana hapo ndipo ugomvi ulipo.

"Stress" ya Kiingereza ina asili ya Kilatini, kwenye kitenzi chenye maana ya kukaza, kubana. Ilipitia Kifaransa cha zamani ikiwa na maana ya ufinyu, ikaingia Kiingereza kwa maana ya taabu. Msishangae, sisi tulifanya hivyo hivyo: dhiki yetu tuliipata kwa Waarabu, na kwao ni ufinyu, mahali pembamba. Mwenye dhiki ni mtu aliyebanwa. Karne ya 19 wahandisi wakalitwaa neno la Kiingereza kwa ajili ya vyuma, yaani nguvu inayokandamiza au kuvuta eneo fulani la kitu. Hapo hakuna mawazo wala usingizi uliopotea. Mwaka 1936 mtafiti Hans Selye, akiwa Montreal, akachapisha barua fupi kwenye jarida la Nature kuhusu namna miili ya panya inavyoitikia madhara ya aina mbalimbali. Miaka iliyofuata mwitikio huo akauita "stress", na kutoka kwake neno likapanda hadi kichwani kwetu na kukaa huko. Madaktari wa mifupa wao wanalitumia kwa maana ya wahandisi.

Na "msongo" wetu nao tumeudhulumu. Kusonga ni kukandamiza. Unasonga ugali, watu wanasongamana kwenye daladala. Kwa hiyo "msongo" peke yake usingekuwa na kosa kabisa juu ya mfupa. Tatizo ni mkia wa "wa mawazo" tuliougandisha hapo, siku hizi hautoki hata kwa maji ya moto. Ukisema msongo, kila mtu anashika kichwa. Mimi napendelea "mkazo", neno ambalo kila aliyesoma Kiswahili darasani analijua: mkazo au shadda, ile nguvu inayoangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Nguvu iliyoangukia mahali. Hatukuhitaji kwenda Montreal kulitafuta.

Kabla ya hayo yote madaktari walikuwa na jina zuri zaidi. Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, dola ya Kijerumani ya zamani, aliandika kuhusu askari waliovimba miguu na kupata maumivu baada ya kutembea mwendo mrefu. Hakuweza kujua kulikuwa na nini ndani, kwa kuwa eksirei iligunduliwa mwaka 1895. Miaka miwili baadaye picha zikaonyesha kuwa mifupa ya nyayo ilikuwa imepasuka. Wajerumani wakauita mvunjiko wa kwata. Jina hilo lingetufaa sana sisi tuliolelewa kwa mchakamchaka wa alfajiri. Kuruta aliyekaa nyumbani miezi mitatu akila chipsi, kisha akaamshwa saa kumi usiku kukimbia na buti, angeelewa bila kamusi.

Mashabiki wa Arsenal wa rika langu mfano wanao. Msimu wa 2010/11 Jack Wilshere, kijana aliyetimiza miaka 19 katikati ya msimu, aliichezea klabu mechi 49. Julai 2011 akaumia kifundo kwenye mechi ya kirafiki. Baadaye ikajulikana ni ufa wa aina hii, akakosa msimu wote wa 2011/12, akarudi Oktoba 2012. Kwenye kibanda umiza chetu tulitumia wiki nzima kutafuta beki wa kumlaumu. Hakuna aliyetaja mechi 49.

Neno "amevunjika" nalo linapotosha kwa upande wake. Likitajwa, watu wanasubiri kuona mguu umepinda, na wasipouona wanasema ameteguka tu, apelekwe kwa mchua misuli. Kuteguka ni habari ya kano kwenye kiungo. Ufa uko ndani ya mfupa, na ukiuchua unauchokoza. Dalili yake ni maumivu unayoweza kuyaonyesha kwa ncha ya kidole kimoja, yanayoongezeka ukikimbia na kupungua ukipumzika. Yakiendelea hata kitandani, ufa umekomaa. Eksirei ya wiki za mwanzo mara nyingi hutoka safi, na wazazi wengi hudhani mtoto anadeka. Kipimo cha MRI huuona mapema, kwa wanaoweza kukilipia.

Vijana wako hatarini kwa sababu nyingine pia: wakati wa kurefuka kwa kasi, mfupa hutangulia kwa urefu na madini hufuata nyuma. Halafu kuna chakula. Anayekimbia sana na kula kidogo, mwili hubana matumizi, na kwa msichana hedhi inaweza kukatika. Kuna makocha wanaoifurahia hali hiyo kama dalili ya kuwa fiti. Ni kinyume chake, homoni inayolinda mfupa imeshuka. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu huo wa nishati, na ikawataja wanaume pia. Dagaa wanaoliwa na miba yao, maziwa, na sahani iliyojaa si anasa kwa mtoto wa mbio.

Jioni ile nilimwandikia dada pembeni, nisimwaibishe kwenye grupu.

"Shikamoo dada. Mtoto hana mawazo. Mwezi uliopita walimwongezea mazoezi mara mbili kwa ajili ya mashindano ya shule ya UMISSETA, mfupa umepata ufa."

"Marahaba. Sasa kwa nini daktari aandike stresi?"

"Ni mkazo, dada. Kama ule wa kwenye silabi, ila huu umeangukia muundi."

Akakaa kimya kidogo. Kisha: "Kwa hiyo maombi tusitishe?"

Nikamwambia yaendelee, ila mguu upumzike wiki sita hadi nane kama alivyosema daktari.