Cheti cha mbwa wa kazi kinapima nini? IGP, Ring, Mondioring na KNPV

Wanaonunua mbwa wa ulinzi hapa Tanga, awe wa ghala la bandarini, shamba la mkonge au nyumba ya Raskazone, siku hizi wameanza kuulizia karatasi. Ni jambo jema. Shida ni kwamba herufi zilizo kwenye karatasi hiyo huchukuliwa kana kwamba zote zinasema neno moja: mbwa amefundishwa, anang'ata. Kila mchezo wa mbwa wa kazi una swali lake, na mbwa aliyejibu vizuri sana swali la mchezo mmoja anaweza kuanguka kabisa kwenye mwingine.

Karatasi inayokuja mara nyingi zaidi ni ya IGP. Wakongwe wa fani bado wanaiita Schutzhund, na kabla ya 2019 iliitwa IPO. Ilizaliwa Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya kuchuja mbwa wa aina ya German Shepherd wanaofaa kuzalishwa, na asili hiyo inaonekana mpaka leo: uwanja ni uleule, mazoezi yanajulikana kabla, na jaji anatazama tabia ya mbwa ndani ya utaratibu usiobadilika. Kuna sehemu tatu: A ni kufuata nyayo, B ni utii, C ni ulinzi. Kila moja ina alama 100, na mbwa lazima apate angalau 70 katika kila sehemu. Aliyepata 95 kwenye ulinzi na 65 kwenye nyayo amefeli mtihani mzima. Kwa hiyo omba kuona alama za kila sehemu, usiridhike na jumla.

Sehemu ya nyayo ndiyo ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayodharauliwa kuliko zote. Katika IGP 3, daraja la juu kabisa, mtu asiyejulikana kwa mbwa hutembea hatua 600 au zaidi, anakata kona nne, anaacha vitu vitatu vidogo njiani, kisha nyayo zinaachwa zikae saa nzima. Mwenye mbwa anafuata nyuma kwa kamba ya mita 10. Mbwa anatakiwa kuweka pua chini hatua kwa hatua na kuonyesha kila kitu anachokikuta, kwa kawaida kwa kulala mbele yake. Pua ya mbwa yeyote mzima inaweza kazi hiyo. Kinachopimwa ni subira: je, anaweza kufanya kazi ya taratibu, peke yake, bila mtu wa kumchangamsha?

Harufu anayoifuata imechanganyika: majani yaliyovunjika, udongo uliotifuliwa, pamoja na chembe za ngozi zinazodondoka mwilini mwa mtu. Unyevu huihifadhi, jua kali na ardhi kavu huiua. Ndiyo maana hapa kwetu kazi ya nyayo ni ya alfajiri, umande ukiwa bado kwenye nyasi. Tafuta kiwanja cha nyasi fupi. Usiende katikati ya mistari ya mkonge: ncha za majani ziko usawa wa macho ya mbwa aliyeinamisha kichwa.

Kwa mbwa anayeanza, kanyaga mraba wenye upande wa mita moja mpaka nyasi zilale, tawanya humo vipande vya ini lililochemshwa, kila kimoja kama punje ya mahindi, mwachie anuse ale. Dagaa wakavu hawafai, maana mbwa husimama kutafuna na kichwa kinainuka. Akishauelewa mraba, nyosha mstari wa hatua 20, kipande katika kila unyayo, upepo ukitoka nyuma yake. Upepo wa mbele humletea harufu ya chakula kilicho mbali, naye anajifunza kunusa hewani. Ongeza hadi hatua 50, ndipo uanze kuruka nyayo bila chakula. Kona isije kabla mstari ulionyooka haujatulia. Ikija, rudisha chakula katika hatua tatu nne za kwanza baada ya kona, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapitiliza: mwendo umewazidi na pua imebaki nyuma. Na kagua sisimizi na siafu kabla ya kumwachia. Nyama ikikaa dakika kumi chini wanaweza kuwa wameshafika, na mbwa aliyeng'atwa puani ataikataa njia hiyo kwa siku nyingi.

Sehemu C ya IGP hutumia msaidizi, yaani yule anayejifanya mhalifu, aliyevaa mkono wa kinga. Mbwa anapekua vibanda vya maficho, msaidizi akisimama tuli anambwekea bila kumgusa, na msaidizi akikimbia au akishambulia anamng'ata. Jaji anataka mshiko wa mdomo mzima, uliotulia, na kuachia kwa amri moja. Hilo linaeleza mengi juu ya uimara wa akili ya mbwa. Haliwezi kukuhakikishia kwamba atamng'ata mtu asiyevaa mkono ule, kwa sababu wako wanaojifunza kuupenda mkono wenyewe na kumsahau aliyeuvaa.

French Ring inauliza swali jingine. Hakuna nyayo kabisa. Msaidizi amevaa suti nzima, mbwa anaweza kushika mguu au mkono, na anafanya kazi bila kola wala kamba. Kazi ya msaidizi ni kumnyang'anya alama: anakwepa dakika ya mwisho, anamtishia kwa fimbo, anamvuta aache kikapu alichoambiwa akilinde. Kuna zoezi ambapo mbwa ameshatumwa mbio kushambulia, kisha anaitwa arudi akiwa amebakiza mita chache. Mpangilio wa mazoezi huamuliwa kwa bahati nasibu, na daraja la juu, Ring III, lina alama 400. Vizuizi ni vikubwa: ukuta hufika mita 2.30, kuruka kwa urefu mita 4.50. Mbwa mzito wa kilo 45 hana nafasi hapa, na ndiyo sababu mchezo huu umetawaliwa na Malinois, mbwa mwepesi wa kuchunga kutoka Ubelgiji.

Mondioring ilijengwa ili kuunganisha michezo ya nchi mbalimbali, na kwa mazingira ya mjini kwetu naiona ina swali la maana zaidi. Kila shindano lina mada yake, na uwanja hupambwa kwa vitu ambavyo mbwa hajaviona. Msaidizi anaweza kumwagia maji, kuburuta makopo yenye kelele, kumwekea pazia la vitu vinavyoning'inia. Mbwa aliyekariri uwanja wa nyumbani hufichuliwa mara moja.

KNPV ya Uholanzi, chama cha mbwa wa polisi kilichoanzishwa 1907, ina mtihani ulio karibu kabisa na kazi ya polisi, na wengi wanaofuzu huuzwa kwa vikosi. Mbwa hana haja ya nasaba iliyoandikwa. Anaogelea, anakataa chakula cha mgeni, anatafuta vitu vidogo na watu waliojificha. Cheti chake cha mbwa wa polisi, PH1, kina alama 440. Ukiletewa mbwa wa aina hii, jua ana nguvu nyingi. Mlinzi asiye na uzoefu asikabidhiwe.

Kwa ghala au bandari, kazi kubwa ni ya kutafuta harufu ya vitu kama dawa za kulevya au baruti, na michezo yote minne haiipimi. Mchezo unaoipima ni ule wa kutafuta harufu maalumu, kama ya mdalasini na karafuu ukifanyia mazoezi nyumbani, ingawa Marekani hutumia mafuta ya mti wa birch, anisi na karafuu. Kosa linalouharibu ni la binadamu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima timu 18 katika vyumba visivyo na dawa za kulevya wala baruti, huku waongozaji wakiambiwa kwamba huenda harufu imefichwa na kwamba katika baadhi ya vyumba alama za karatasi nyekundu zinaonyesha wapi. Kati ya upekuzi 144, ni 21 tu ambao haukuripotiwa ishara ya uongo. Kwa hiyo anayeficha asiwe anayemwongoza mbwa, wala asibaki chumbani. Andaa makopo kumi yanayofanana, harufu iwe kwenye moja, mengine yashikwe kwa mikono ileile yakiwa matupu, na baadhi ya raundi zisiwe na harufu hata kidogo.

Ukinunua mbwa mwenye cheti chochote, kabla ya malipo mpeleke barabarani. BH, mtihani wa utii na tabia unaotangulia IGP, una sehemu ya aina hiyo: baiskeli inapita, watu wanamzunguka, anafungwa peke yake huku mwenye mbwa akitoweka. Tanga baiskeli na bodaboda hazikosekani, kwa hiyo jaribio halikugharimu kitu.

Kwa mazoezi ya kung'ata, kitambaa cha gunia la jute ni laini kuliko la katani. Nyuzi za katani huchubua fizi za mbwa mdogo, naye anaanza kushika kwa meno ya mbele tu. Wapo wasaidizi Waislamu wanaopenda kazi hii lakini hawataki mate yawaguse, na katika madhehebu ya Shafii iliyoenea pwani chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Weka suti na magunia ya mbwa kando ya vyombo vya watu, wape glavu na ndoo ya maji yao, na kwenye nyayo mfundishe mbwa kulala mbele ya kitu asikibebe mdomoni.

Maliza kazi ya kukimbia na kung'ata kabla ya saa mbili asubuhi. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likizidi 40 baada ya kazi, msimamishe. Ulimi ukipanuka mwisho wake kama kijiko, fizi zikawa nyekundu sana na anayumba, mmwagie maji mwili mzima, hasa tumboni na kwenye mapaja, mweke penye upepo, ndipo umkimbize kwa daktari wa mifugo.