Kamera ya USB kwenye Linux haidai sidii

Ukitumia Linux (mfumo endeshi wa kompyuta, kama Windows) na ukanunua kamera ya USB isiyo na jina pale Mwanga, Kigoma, muuzaji anaweza kukuambia: "Hii ya Windows tu, bila sidii yake haiwaki." Si kweli. Kamera nyingi za siku hizi hufuata kanuni ya pamoja ya kamera za USB, UVC, na draiva yake (programu inayoiwezesha kompyuta kutumia kamera), uvcvideo, imo ndani ya Linux yenyewe tangu toleo 2.6.26 la mwaka 2008. Sidii iache kwenye boksi. Laptopu yako huenda haina hata pa kuiingizia.

Chomeka, kisha andika ls /dev/video* kwenye teminali (dirisha la kuandikia amri) uone kama kamera imetambuliwa. Usishangae kamera moja ikileta video0 na video1: ya pili kwa kawaida hubeba taarifa, si picha. Picha ikigoma, angalia kama programu nyingine imeishikilia kamera.

Zenye kesi ni zile za zamani zisizo za UVC, na hata hizo nyingi zina draiva nyingine ya Linux, gspca.