Kukanusha kwa Kifini: "siyo" inayobadilika kwa nafsi

Mtu aliyekulia Kiingereza akianza Kifini hutafuta neno moja la kukanushia, lile lile kwa kila msemaji. Halipo. Katika Kifini anayekanusha ni kitenzi, na kitenzi hicho hufuata nafsi kama vitenzi vingine: *en* ni mimi, *et* wewe, *ei* yeye, *emme* sisi, *ette* ninyi, *eivät* wao.

Chukua *puhua*, kusema. *Puhun* ni ninasema. *En puhu*, sisemi. Halafu *et puhu*, husemi. *Ei puhu*, hasemi. *Emme puhu*, hatusemi. *Ette puhu*, hamsemi. *Eivät puhu*, hawasemi. Angalia ile *-n* ya *puhun*: imeondoka kwenye kitenzi kikuu ikahamia kwenye kikanushi, na *puhu* imebaki tupu. Sisi tuliozoea si-, hu-, ha-, hatu-, ham-, hawa- hatuna haja ya kuelezwa mara mbili, ingawa lugha hizi hazina undugu. Ndugu wa Kifini ni Kiestonia, na kwa mbali Kihungari.

Ila si- yetu haisimami peke yake, *en* husimama. Ukiulizwa *Juotko kahvia?*, unakunywa kahawa? (hiyo *-ko* ndiyo ya kuulizia), jibu *En*, imetosha: nafsi imo humo humo. Ukikubali, rudia kitenzi: *Juon*, nakunywa.

Wakati uliopita, kikanushi hakiguswi. *Puhuin*, nilisema, *en puhunut*, sikusema, kwa wingi, *emme puhuneet*, hatukusema. Kukataza nako kuna umbo lake, kama ilivyo kwetu: *älä puhu*, usiseme.

Panapowasumbua wengi ni kwenye kile kinachotendwa. *Ostin kirjan*, nilinunua kitabu. Kanusha, na kitabu chenyewe kinabadilika mwisho: *en ostanut kirjaa*. Umbo hilo la *kirjaa* huitwa partitivi, na sentensi ikishakanushwa, shamirisho huingia humo. Ni bora kulizoea tangu wiki ya kwanza, maana bila hilo hata sentensi fupi kabisa inaharibika.

Halafu kuna kumiliki. Kifini hakina kitenzi cha "kuwa na". Husema *minulla on auto*, yaani kwangu kuna gari. Kukanusha: *minulla ei ole autoa*, kwangu hakuna gari. Mbona ni *ei* na si *en*, wakati mwenye gari ni mimi? Kwa sababu mimi nimetajwa kama mahali tu, kama "kwangu", kitenzi hakinifuati. Hata tukiwa wengi, *meillä ei ole autoa*, kikanushi ni kile kile *ei*. Mwanafunzi anayesema *en ole auto* akidhani amesema hana gari, Mfini atamsikia akisema yeye si gari.