Je, wajua maji yaling'oaje zege la Bwawa la Oroville?

Tarehe 7 Februari 2017, wafanyakazi wa Bwawa la Oroville, kaskazini mwa jimbo la California nchini Marekani, waliona maji yakiruka isivyo kawaida katikati ya mfereji wa zege unaoteremka kando ya bwawa. Wakati huo yalikuwa yakipita kama mita za ujazo 1,500 kwa sekunde. Ni maji mengi, lakini mfereji ulisanifiwa kubeba mara kadhaa ya kiasi hicho. Wakafunga milango inayoyaingiza maji mferejini, na maji yalipoisha wakaona shimo kubwa: zege halipo, na udongo uliokuwa chini yake umeshachukuliwa na mto.

Zege hilo lilipitisha mafuriko makubwa zaidi miaka ya nyuma. Iweje ling'oke siku ambayo halikubebeshwa hata nusu ya uwezo wake?

Oroville ni tuta la udongo na mawe lenye kimo cha mita 235, refu kuliko mabwawa yote ya Marekani. Lilikamilika mwaka 1968 kuuzuia Mto Feather, na ziwa lake likijaa hushika kama mita za ujazo bilioni 4.3. Tuta la namna hii halivumilii maji kupita juu yake, kwa kuwa yakishaanza kupita hulila mpaka liishe. Ndiyo maana maji ya ziada hupewa njia ya pembeni. Mafundi wa mabwawa kwetu huiita utoro wa maji, na jina hilo nalipenda, maana ndivyo ilivyo: maji yanatoroka kwa ruhusa, kupitia mahali palipoandaliwa.

Oroville ina utoro wa aina mbili. Utoro mkuu una milango minane na mfereji wa zege wenye urefu wa karibu mita 900. Utoro wa dharura ulikuwa ukingo wa zege tu, ambao ziwa likifurika maji hupita juu yake yenyewe. Chini ya ukingo huo hapakuwa na sakafu yoyote. Palikuwa na mteremko wa kawaida wa mlima, udongo na miti.

Turudi kwenye shimo. Wengi wetu tukifikiria maji yanayoharibu zege, tunafikiria kusuguliwa kwa juu, kama jiwe la mtoni linavyolainika. Oroville zege liliinuliwa kutoka chini. Chukua mpira wa kumwagilia bustani, fungua bomba mpaka mwisho, kisha elekeza maji kwenye ukingo wa mkeka wa plastiki uliolala sakafuni. Yakipita juu, mkeka unatulia. Yakipata pa kuingia chini ya ukingo, mkeka wote unabinuka.

Hesabu yake inatisha. Maji yanayokwenda mita 20 kwa sekunde, yakigonga kizuizi na kusimama ghafla, yanaweza kusukuma kwa nguvu ya karibu tani 20 kwa kila mita ya mraba. Zege la mfereji ule lilikusudiwa kuwa na unene wa kama sentimeta 38, yaani uzito wake haufiki tani moja kwa mita ya mraba. Basi ikiwa kipande kimoja kimeinuka kidogo kuliko jirani yake, au kuna ufa ulio wazi, mwendo wa maji unageuka kuwa shinikizo linalopenya chini. Uzito wa zege peke yake hauwezi kulishinda. Linalolizuia lisiinuke ni nondo zilizochomekwa mwambani, pamoja na mabomba ya chini yanayotoa maji yaliyopenya.

Vyote viwili vilikuwa na kasoro tangu ujenzi. Timu huru ya wataalamu iliyochunguza tukio, na kutoa ripoti yake Januari 2018, ilieleza kwamba mabomba hayo yalilazwa yakaingia ndani ya unene wa zege lenyewe. Juu ya kila bomba zege likawa jembamba, na hapohapo nyufa zikajitokeza zikifuata mistari ya mabomba. Nondo nazo, mahali pengine, zilishikilia mwamba uliochakaa kiasi cha kukaribia udongo, kwa hiyo hazikuwa na cha kushika.

Nyufa hizo zilionekana mapema, muda mfupi baada ya ujenzi, na maji mengi yalionekana yakitoka kwenye mabomba ya chini. Ikaonekana ni hali ya kawaida, jambo la kuzibaziba kila baada ya muda. Timu ile haikumtaja mtu mmoja wala kosa moja. Ilisema huu ulikuwa udhaifu wa muda mrefu wa idara ya maji ya jimbo inayomiliki bwawa, wa wasimamizi, na wa mazoea ya taaluma nzima. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito kuliko pote. Kwa miaka karibu 50 wakaguzi walipita juu ya ufa uleule, na kila mwaka uliopita salama ukawa sababu ya kutouogopa.

Baada ya shimo kupatikana, wasimamizi walibanwa pande zote. Wakifungua milango, shimo linapanuka na kifusi kinaziba mto. Wakifunga, ziwa linajaa. Tarehe 11 Februari maji yakapita juu ya utoro wa dharura kwa mara ya kwanza tangu bwawa lijengwe. Hayakuzidi mita za ujazo 360 kwa sekunde, wakati utoro huo ulihesabiwa kuwa na uwezo wa karibu 10,000. Hata hivyo mlima ulianza kuliwa, na mmomonyoko ukapanda kuelekea kwenye ukingo wenyewe. Ukingo ungeanguka, ukuta wa maji ungeteremkia miji iliyo chini. Tarehe 12 jioni watu wapatao 188,000 wakaamriwa kuhama. Milango ya utoro mkuu ikafunguliwa mpaka mita za ujazo 2,800 kwa sekunde, juu ya mfereji uliokwisha kuvunjika, na ziwa likashuka. Ukingo ukasimama.

Hasira za wananchi zilikuwa na historia. Mwaka 2005, leseni ya bwawa ilipokuwa ikijadiliwa upya, vikundi vya mazingira viliomba rasmi mamlaka ya shirikisho iamuru mteremko wa utoro wa dharura ufunikwe kwa zege. Ombi halikukubaliwa. Miaka 12 baadaye, walioishi chini ya bwawa waliona kwa macho kile kilichokuwa kimeandikwa kwenye ombi hilo. Januari 2018 mji wa Oroville ukaishtaki idara ya maji mahakamani.

Ukarabati ulikwenda kwa kasi ya ajabu, na mjadala haukutulia. Kufikia Novemba 2017 utoro mkuu ulikuwa tayari kwa msimu wa mvua, sehemu yake ikiwa ya muda. Mara zikasikika habari kwamba zege jipya limeonyesha nyufa nyembamba kama unywele. Wahandisi wa idara walisema zilitarajiwa: zege gumu lililofungwa imara kwenye msingi wake hupasuka kidogo linapokauka na kusinyaa, na halihitaji matengenezo. Kiufundi maelezo hayo yana mantiki. Ufa peke yake hauinui zege. Unahitaji njia ya maji kupita chini, mabomba yaliyozidiwa na msingi usioshika, na safari hii zege lilikuwa nene zaidi, lina nondo nyingi, maungio yake yamezibwa yasipitishe maji, na limekaa juu ya mwamba uliosafishwa. Lakini neno "kawaida" ndilo lililowalaza watu usingizi tangu miaka ya sitini. Mkazi aliyekimbia usiku na watoto garini ana haki ya kulitilia shaka, na kujibiwa kwa namba.

Utoro wa dharura nao ulijengewa sakafu ya zege, na ukuta ukachimbiwa ardhini chini yake ili mmomonyoko usipande tena. Gharama yote ilifika kama dola bilioni 1.1, na hata hapo nyufa za zamani zikarudi mezani. Mwaka 2019 shirika la serikali kuu linalofidia maafa lilikataa kulipa sehemu kubwa ya dai, likisema sehemu ya juu ya mfereji ilikuwa mbovu kabla ya mafuriko. Jimbo likakata rufaa, na mwaka 2021 fedha hizo, zaidi ya dola milioni 300, zikakubaliwa.

Maji yalipita kwenye mfereji mpya kwa mara ya kwanza tarehe 2 Aprili 2019. Mwaka 2021 ukame ulilishusha ziwa mpaka kituo cha umeme cha bwawa kikazimwa kwa kukosa maji. Machi 2023 mvua zikalipandisha, milango ikafunguliwa tena, na zege likabaki mahali pake.